Paka, mkwaruzo na ubongo: maswali yanayoulizwa sana

Mtoto akifikishwa hospitalini akiwa na degedege, maswali ya mapokezi yanajulikana: homa imeanza lini, ametapika mara ngapi, amepimwa malaria? Ni nadra mtu kuuliza kama nyumbani kuna paka, na ni nadra zaidi mzazi kukumbuka kusema. Paka amezoeleka mno. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja wamejaa vichochoroni na vibarazani. Kwa Waislamu paka si najisi, kwa hiyo huingia hadi msikitini bila kufukuzwa. Bara nako wanafugwa jikoni na ghalani kwa ajili ya panya. Mnyama aliye karibu kiasi hicho husahaulika, na yale magonjwa machache anayoweza kumwambukiza binadamu yakapanda hadi ubongoni huishia kuitwa malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, au mkono wa mtu.

Karibu yote yana kinga au tiba, mradi paka atajwe mapema.

Nimesikia manyoya ya paka yana sumu. Ni kweli?

Hapana. Mwenye pumu au mzio anaweza kusumbuliwa, kwa sababu mate na ngozi ya paka vina protini inayoganda kwenye manyoya. Basi. Unywele wa paka ukiumeza na chai hauendi kichwani, wala hauleti ugumba. Hofu hii ingekuwa ya kuchekesha tu kama isingekuwa na hasara: mtu anamtimua paka kwenye kochi kwa ufagio, halafu alama mbili za meno kwenye kidole cha mwanawe anazipangusa kwa upindo wa kanga na kuendelea na shughuli. Vya kuviangalia ni mate, kucha, viroboto na kinyesi.

Basi ni magonjwa gani yanayofika kwenye ubongo?

Yanayostahili nafasi hapa ni matatu. La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambalo paka hulipata kwa kung'atwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye virusi. La pili huitwa ugonjwa wa mkwaruzo wa paka, na huletwa na bakteria wanaosafirishwa na viroboto. La tatu ni toksoplasma, kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka. Kila moja lina njia yake na mwendo wake. La kwanza ni nadra kutoka kwa paka, lakini likianza kuonyesha dalili ni kifo. La pili linatisha sana kwa siku chache, kisha kwa kawaida huisha. La tatu liko ndani ya mabilioni ya watu bila wao kujua, na huamka pale kinga ya mwili inapoanguka.

Paka kaning'ata sasa hivi. Nianze na nini?

Anza na bomba, ndipo uende hospitali. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Watu wengi wakiambiwa hivyo husema wameshaosha, na kweli wameosha, lakini wameacha mara tu damu ilipokoma, yaani baada ya dakika moja au mbili. Weka saa ya simu. Kama hakuna bomba, mmoja ashike kata amimine maji polepole, mwingine apakaze povu na kulisafisha, apakaze tena. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha, hata sabuni ya unga ya kufulia. Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyokata mafuta kwenye sufuria. Ukimaliza, paka iodini au spiriti kama ipo. Usipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala pilipili, na usikubali jeraha lishonwe haraka haraka ili lipendeze.

Siku hiyo hiyo nenda ukapate chanjo. Zahanati ndogo mara nyingi haina. Huwekwa hospitali ya wilaya au ya rufaa, kwa hiyo piga simu kwanza kama unaye wa kumuuliza, usije ukaimaliza siku nzima kwenye daladala. Chanjo ni sindano kadhaa kwa tarehe maalumu, na kuruka dozi ni sawa na kuacha mlango wazi. Jeraha likiwa limepenya ngozi na kutoa damu, au mate yameingia jichoni au mdomoni, utahitaji pia kinga ya haraka iitwayo imunoglobulini, ambayo hudungwa kuzunguka jeraha lenyewe.

Kwa nini chanjo inafaa hata baada ya kung'atwa? Kwa sababu virusi hivi havisafiri kwa damu. Vinaingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu palipojeruhiwa na kupanda taratibu kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, mara chache zaidi ya mwaka. Jeraha la usoni, shingoni au kwenye vidole hufupisha njia. Katika muda huo chanjo huufundisha mwili kupigana. Louis Pasteur aliitumia Paris Julai 1885 kwa mvulana wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa, naye akapona. Lakini virusi vikishafika ubongoni, mgonjwa akaanza kuogopa maji, kukaukwa na sauti, kuruka akipulizwa na upepo, hakuna dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 hivi kila mwaka, vingi Afrika na Asia. Mbwa ndiye chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na hapo ndipo watu hujifariji: "aah, ni paka tu." Virusi ni vile vile, na ukiwa ndani ya hiyo asilimia moja hesabu haikusaidii.

Kuna jambo jingine kuhusu meno ya paka. Ni membamba na marefu, yanatoboa ndani na kuacha tundu dogo linalojifunga juu kwa haraka, huku bakteria wakibaki chini. Kidole kikivimba, kikawa chekundu na kuuma sana ndani ya saa 24, huyo mara nyingi ni bakteria wa mdomoni mwa paka aitwaye pasturela, na unahitaji antibayotiki. Kwa vichanga na wazee ameshawahi kusababisha homa ya uti wa mgongo, ingawa ni nadra. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Pepopunda nayo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kucha iliyokuwa ikichimba udongo asubuhi inaweza kuubeba.

Ni paka wangu mwenyewe, mzima, namjua tangu azaliwe. Bado nichanjwe?

Osha jeraha, nenda, umweleze daktari hivyo hivyo. Paka au mbwa mwenye virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya siku chache, na ndiyo maana mnyama anayeweza kufungiwa na kuangaliwa huangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima na anakula baada ya siku hizo, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini dozi ya kwanza haisubiri siku 10 ziishe.

Paka shume aliyeruka ukuta na kutokomea hana wa kumwangalia. Hapo maliza chanjo zote. Kadhalika kama mnyama ameuawa na kutupwa. Kuua kwa hasira kunapoteza ushahidi, kwa sababu kichwa cha mnyama kinaweza kupimwa maabara kupitia kwa afisa mifugo.

Dalili kwa paka huwa hivi: mpole anageuka mkali ghafla, anarukia hata mguu wa meza, au kinyume chake anajificha kwenye giza hataki kuguswa. Sauti inabadilika, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inayumba. Usijaribu kumshika ili uhakikishe.

Na mkwaruzo? Unahesabika. Paka hujilamba makucha kutwa nzima.

Mwanangu aliparurwa na paka mdogo wiki tatu zilizopita, kidonda kimepona, sasa ana mtoki kwapani. Kuna uhusiano?

Upo uwezekano mkubwa. Hii ndiyo picha ya ugonjwa wa mkwaruzo wa paka. Daktari Robert Debré wa Paris aliueleza mwaka 1950, lakini bakteria mwenyewe, Bartonella henselae, hakutambuliwa hadi miaka ya 1990.

Mwendo wake ni huu. Siku chache baada ya kuparurwa hutokea kipele palipokwaruzwa, ambacho mara nyingi hudhaniwa ni mbu. Wiki moja hadi tatu baadaye tezi ya karibu inavimba: kwapani kama ni mkono, shingoni kama ni uso, kwenye kinena kama ni mguu. Kunaweza kuwa na homa ndogo na uchovu. Kwa watu wengi inaishia hapo, na mtoki unanywea wenyewe kwa wiki au miezi. Usiupasue kwa wembe, wala usimpeleke mtoto kwa mtu wa kuukanda.

Kwa wachache ugonjwa unafika kwenye ubongo. Mtoto wa shule, aliyekuwa akicheza jana, anaanguka degedege ghafla. Akizinduka anachanganyikiwa, hamtambui mama yake, au anazama kwenye usingizi mzito. Wakati mwingine homa haipo kabisa. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Maji ya uti wa mgongo yakitolewa huonekana safi au yana mabadiliko madogo, na hata picha ya CT-Scan inaweza kuwa ya kawaida. Ndugu wakiwa korido wanaanza kunong'ona kuhusu mapepo. Katika hali hiyo, taarifa kwamba mtoto huyu aliparurwa wiki kadhaa zilizopita na ana uvimbe kwapani inaweza kumpa daktari mwelekeo ambao vipimo havijampa. Atamtibu kwa kumzuia degedege na kumpa antibayotiki, kwa kawaida doksisaiklini pamoja na rifampisini, kadiri umri unavyoruhusu. Wengi huamka ndani ya siku chache na kupona kabisa kwa wiki kadhaa. Ninasisitiza hili kwa sababu familia zilizokata tamaa humtoa mgonjwa wodini kabla hajapewa muda wa kupona.

Njia nyingine ya bakteria huyu ni kwenye mshipa wa jicho. Jicho moja linafifia bila kuuma, mtu anaona kama kuna ukungu katikati. Daktari wa macho akichungulia nyuma ya jicho huona mshipa umevimba na madoa yaliyojipanga kama nyota. Hilo nalo lina matumaini, lakini linataka mtaalamu, si matone ya kununua dukani.

Kama ni viroboto, nitajuaje paka wangu anavyo?

Utatafuta viroboto usione hata mmoja, kwa sababu wana mbio. Tafuta kinyesi chao. Mlaze paka kwenye kitambaa cheupe, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, hasa shingoni na juu ya mkia. Zitadondoka chembe nyeusi kama uchafu wa kawaida. Zikusanye kwenye pamba au karatasi ya chooni iliyolowa maji na usubiri kidogo. Udongo utabaki mweusi au kahawia. Kinyesi cha kiroboto kitatoa rangi nyekundu ya kutu inayosambaa, kwa sababu ni damu ya paka iliyosagwa. Chembe hizo hizo ndizo hujazana chini ya kucha paka anapojikuna, na ndizo zinazopandikizwa kwenye ngozi ya mtoto. Mkwaruzo usipokuwa na kinyesi cha kiroboto kwa kawaida hauna pa kumtoa bartonela.

Paka wadogo wa chini ya mwaka mmoja ndio wanaobeba bakteria hawa zaidi, na ndio wanaoparura zaidi wakicheza. Dawa ya viroboto ichukue kwa daktari wa mifugo. Ipo dawa ya mbwa, permetrini, inayouzwa kirahisi dukani na kuua paka. Muuzaji asipokuambia wazi kwamba inafaa kwa paka, iache.

Toksoplasma ni nini, na inamwingiaje mtu ambaye hata hafugi paka?

Ni kimelea kidogo kuliko uwezo wa jicho, kilichogunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis ndani ya mnyama mdogo wa jangwani anayefanana na panya, na mwaka huo huo São Paulo, Brazili, ndani ya sungura. Ilichukua zaidi ya nusu karne, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kuthibitishwa kwamba paka na jamaa zake ndio pekee ambao ndani ya utumbo wao kimelea hiki hukamilisha uzazi na kutoa mayai.

Paka hukipata akila panya au ndege mwenye vimelea. Kisha kwa wiki moja hadi tatu hutoa mayai kwa mamilioni kwenye kinyesi, halafu huacha. Kwa kawaida hufanya hivyo mara moja tu maishani. Kwa hiyo paka mzee aliyelala miguuni pako kwa miaka sita si wa kuhofiwa sana. Wa kuangaliwa ni yule mdogo aliyeanza juzi kuwinda. Na kinyesi cha leo bado hakiambukizi: mayai huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Yakishakomaa, kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kukaa mwaka na zaidi.

Paka hapendi kujisaidia kwenye sakafu, hutafuta pa kufukia. Katika mitaa yetu mahali hapo ni bustani ya mchicha, na zaidi ya hapo ni lile fungu la mchanga wa ujenzi lililomwagwa mbele ya nyumba isiyoisha, ambalo usiku ni choo cha paka na asubuhi ni uwanja wa watoto. Lifunike kwa turubai au mabati.

Kutoka kwenye udongo mayai yanafika mdomoni kwa mikono isiyonawa, mboga, na maji. Mwaka 1995 mji wa Victoria, Kanada, ulipata mlipuko uliohusishwa na maji ya bomba, maji yaliyotiwa dawa lakini hayakuchujwa. Dawa za jamii ya klorini tunazoweka kwenye ndoo haziyaui mayai haya. Kuchemsha kunayaua. Chumvi na siki kwenye kachumbari navyo visikudanganye. Kinachosaidia ni kuosha kila jani na kila nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa vidole.

Kuna mlango wa pili ambao paka hayupo kabisa: nyama. Mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku wa kienyeji hula mayai malishoni, kimelea kikajifungia kwenye misuli yao. Mishkaki iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani inaweza kuambukiza kuliko paka wa jirani. Nyama ikiiva hadi katikati, kwa joto linalofika nyuzi 67 za Selsiasi, kimelea kimekufa. Ubao wa kukatia nyama mbichi usiwe huo huo wa kukatia kachumbari.

Inakadiriwa kwamba thuluthi moja hivi ya watu duniani wameshaambukizwa. Wengi walipata dalili kama za mafua au mtoki shingoni, au hawakuhisi chochote. Kinga ya mwili hukibana kimelea, nacho hujificha kwenye misuli na ubongo, kimelala, kwa maisha yote.

Ninaishi na VVU. Nifanye nini na paka wangu?

Swali ninalotamani uanze nalo ni jingine: unameza dawa zako kila siku, na CD4 zako, yaani chembe za kinga ya mwili, ziko ngapi? Toksoplasma inayoshambulia ubongo wa mtu mwenye VVU kwa kawaida si maambukizi mapya. Ni kile kimelea cha zamani, pengine cha utotoni, kilichokuwa kimelala na sasa kimeamka kwa sababu mlinzi ameanguka. Hatari inapanda sana CD4 zikishuka chini ya 100. Kumfukuza paka leo hakukitoi kimelea kilichomo kichwani tangu miaka 20 iliyopita.

Dalili hujengeka kwa siku au wiki: maumivu ya kichwa yasiyosikia panadoli, homa, kuchanganyikiwa, kusahau, tabia kubadilika. Kisha upande mmoja wa mwili unakuwa mzito, kikombe kinaponyoka mkononi, maneno yanakwama, au degedege inampata mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Mtu wa miaka 30 aliyepooza upande hana budi kupimwa VVU kabla hajaitwa mgonjwa wa kiharusi. Kwenye CT-Scan huonekana uvimbe, mara nyingi zaidi ya mmoja, wenye duara linalong'aa pembezoni. Kifua kikuu cha ubongo na saratani fulani vinaweza kufanana na uvimbe huo, kwa hiyo madaktari mara nyingi huanza tiba ya toksoplasma na kuangalia: mgonjwa asipopata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, wanatafuta chanzo kingine.

Tiba ipo, na kwenye hospitali nyingi za kwetu ni Septrini kwa dozi kubwa, wiki sita, kisha dozi ndogo ya kuendelea hadi kinga irudi. Ni dawa ile ile inayotolewa kliniki ya matunzo na tiba ya VVU (CTC) kwa dozi ya kinga. Wagonjwa wengi huidharau kwa sababu ni ya bei ndogo na kila mtu anaijua, wakaacha wakibaki na za kufubaza virusi tu, au wakaacha zote. Usiiache mpaka aliyekuandikia akwambie inatosha.

Kuhusu paka: abaki. Mtu mwingine asafishe kinyesi chake. Kama uko peke yako, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi na unawe. Epuka paka wadogo wenye viroboto, kwa kuwa bartonela kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka huweza kuleta uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu kwenye ngozi na ndani ya mwili.

Nina mimba. Mama mkwe anasema paka aondoke.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli, na si haba. Toksoplasma ikimpata mama kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, inaweza kupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Miezi ya mwanzo kimelea hupita kwa shida, lakini kikipita madhara ni makubwa: mimba kutoka, kichwa kujaa maji, chembe za chokaa kwenye ubongo, degedege, makovu nyuma ya jicho. Miezi ya mwisho kimelea hupita kwa urahisi zaidi, na mtoto huzaliwa akionekana hana neno, ingawa jicho linaweza kuanza kusumbua miaka baadaye. Aliyeambukizwa zamani kabla ya mimba, na kinga yake ni nzima, kwa kawaida mtoto wake yuko salama.

Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba kumwondoa paka na kuendelea na mishkaki mibichi hakuna maana. Kinyesi kisafishwe kila siku, kabla mayai hayajakomaa, na baba watoto ndiye wa kazi hiyo. Ukilima mboga vaa glavu. Na kwa wale wenye hamu ya udongo: udongo wa kuchota uani au ukutani ndimo mayai ya toksoplasma na ya minyoo ya paka yanamokaa. Minyoo hiyo nayo, ikimezwa, funza wake hutangatanga mwilini na mara chache huingia jichoni au ubongoni, hasa kwa watoto wanaokula mchanga.

Kipimo cha toksoplasma si cha kawaida kwenye kliniki za wajawazito za kwetu. Ukipata mitoki na homa isiyoelezeka ukiwa na mimba, uliza kama kinaweza kufanyika.

Ni kweli kimelea hiki kinabadili akili ya mtu?

Kwa wanyama, kuna ushahidi wa kushangaza. Panya walioambukizwa huacha kuogopa harufu ya mkojo wa paka, jambo linalokifaa kimelea, kwa kuwa panya akiliwa nacho kinarudi kinakozaliana. Mwaka 2021 watafiti waliokuwa wakifuatilia fisi wa Maasai Mara, Kenya, walichapisha kwamba watoto wa fisi wenye toksoplasma husogelea simba kwa karibu zaidi kuliko wenzao, na huuawa na simba zaidi.

Kwa binadamu, tafiti zimekuta watu wenye skizofrenia wana alama za maambukizi haya mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kukutana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na mabilioni ya walioambukizwa wana akili zao timamu. Mgonjwa wa akili apelekwe kwa daktari wa akili. Paka hana kesi hapo.

Nikifika hospitalini niseme nini?

Taja paka hata usipoulizwa. Sema kama kuna anayefugwa au wanaopita, kama kuna mdogo, kama mgonjwa aling'atwa au kuparurwa ndani ya miezi mitatu na ni sehemu gani ya mwili, mnyama huyo yuko wapi sasa. Onyesha mtoki, hata kama ni mdogo na hauumi. Sema hali ya VVU kwa ukweli, na kama kuna dawa zilizoachwa. Aliyelala na mgonjwa ndiye ajue haya, maana mwenye degedege hawezi kuyasema. Vinavyohitaji kukimbizwa bila kusubiri asubuhi ni degedege ya kwanza, kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa, upande kulegea, jicho kufifia ghafla, na taya kukaza.

Basi paka abaki?

Abaki, lakini atunzwe. Mpe chakula kilichopikwa badala ya matumbo mabichi ya kuku. Mlaze usiku ndani ikiwezekana, asiwinde sana. Wafundishe watoto kutomvuta mkia, na kutomshika akiwa anakula. Ahasiwe, kwa kuwa kila mzao wa paka wasio na mwenyewe unaongeza kucha changa mtaani. Chanjo ya kichaa cha mbwa aanze akiwa na miezi mitatu na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, wilaya nyingi huendesha uchanjaji wa mbwa na paka bila malipo. Mbwa huletwa kwa kamba. Paka mtie kwenye kapu lenye kifuniko au kiroba kinachopitisha hewa, na uombe cheti chake cha chanjo kabla hamjaondoka.